Usipite Fataki Umelala

Kwenye matanga ya Mama Mkubwa kila aliyesimama kutoa ushuhuda alisema marehemu alikuwa mpole. Mpole, mnyenyekevu, mtu wa kunyamaza. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu, nimejifunga kitenge cha matanga, nikawasikiliza mmoja baada ya mwingine hadi nikaanza kujiuliza kama tumekosea jeneza. Mama Mkubwa hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi wa pilipili, na katika miaka yote niliyoishi naye sikumbuki siku aliyoniambia nimefanya vizuri. Zamu yangu ilipofika nilisema hivyo hivyo: kwamba alikuwa mkali, na kwamba ukali wake ulinifikisha mbali kuliko upole wa watu wengine. Wazee walikohoa. Shemasi wa kanisa letu, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, aliinamisha kichwa kama anayeomba, kumbe alikuwa ananiangalia chini ya nyusi. Nilimaliza, nikakaa, na sikujuta.

Kesho yake tukaanza kupanga vitu vya jikoni. Ngabu, mwanawe wa mwisho, alikuwa amepanda kwenye ndoo na nyundo mkononi, anang'oa misumari ukutani. Alipofika juu ya meko akasimama. Palikuwa na vipande viwili vya bomba la chuma, vyembamba, kila kimoja kimepinda mwishoni, rangi ya kijani imebanduka karibu yote. Mama Mkubwa alikuwa amevipigilia pale, na juu yavyo alikuwa ananing'iniza vifuniko vya sufuria na kichujio cha chai.

"Yaya Mave, hizi fer tunatupa?" akaniuliza, maana kwake mimi ni dada mkubwa.

"Usiguse," nikamwambia. "Kwanza weka chini ile nyundo."

Alinishangaa, na ana haki. Mwaka vile vyuma vilipokatwa, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hajui kwamba vilikuwa mgongo wa kiti, wala kwamba baadaye vilikuwa usukani wangu, na kwamba kwa ajili yavyo nilitukanwa kutoka Mudzi-Pela hadi njia ya Aru.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa chumba kimoja Mudzi-Pela, mtaa wa Bunia, upande wa chini ambako mvua ikinyesha maji yanapita uani bila kubisha hodi. Ndani palikuwa na kitanda tulicholalia wote, mabegi yaliyowekwa juu ya matofali, na nyuma ya mlango, kiti cha chuma cha rangi ya kijani ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kitambaa chake cha kukalia kilikuwa kimechanika zamani. Kilitoka Fataki, kijiji chetu huko Djugu tulichokikimbia wakati wa vita. Kila kitu cha Fataki kilichobaki kilikuja siku moja, juu ya baiskeli moja, Mama Mkubwa akiisukuma kwa mkono na kufunga upya mzigo kila ulipolegea, na kati ya vitu vyote ambavyo mtu angeweza kuchagua siku ile, yeye alichagua magodoro, sufuria na kile kiti. Hakuwahi kueleza. Ukimuuliza, alikwambia uende ukapepete mchele.

Kati ya kitanda na ukuta ililala baiskeli yangu. Naiita yangu ingawa ilikuwa ya klabu ya mtaa, baiskeli ya mbio, ya mitumba, iliyopitia Uganda na kuingilia Aru kama vitu vingi vya mji huu. Koch Anselme, aliyekuwa anatufundisha, alikuwa na sharti moja: kila mwaka klabu inaendesha kutoka Bunia hadi Aru, safari ya siku kadhaa, na mwenye kufika anabaki na baiskeli mwaka mzima. Asiyefika anairudisha, inapewa mwingine, na foleni ya wavulana walioitamani ilikuwa ndefu. Msichana nilikuwa peke yangu. Mwaka uliotangulia nilifika Aru mwisho wa wote, lakini nilifika, na tangu hapo hakuna asubuhi niliyokosa kupanda barabara ya Iga-Barrière kabla pikipiki hazijaamka. Watu waliniuliza natafuta nini huko. Sikuwa natafuta kitu. Nilipenda kwenda, basi, na hadi leo sioni kwa nini msichana adaiwe sababu ya kupenda kitu ambacho mvulana hadaiwi.

Mwaka ule mikono yangu ikaanza kufa. Ilianza kidole kidogo cha kulia, kikaja cha jirani yake, halafu mkono wa kushoto ukafuata. Nikishuka kwenye baiskeli baada ya safari ndefu, vilikuwa vidole vya mtu mwingine vilivyoshonwa kwangu. Barabara yetu ni ya udongo na mawe, na kila shimo linapita kwenye gurudumu, linapanda usukani, linaingia kiganjani. Nilificha. Lakini huwezi kumficha mtu unayekula naye sahani moja. Jioni moja tulikuwa na bugali wa muhogo na samaki wa Kasenyi, wa kukaushwa, waliopikwa na bamia. Nilimega tonge, nikalifinya, nikadhani nimelishika, kumbe limeanguka mchuzini. La pili likaanguka pia. Mama Mkubwa aliacha kula.

"Mave, hii velo iko inakula mikono yako," akasema. "Ikimaliza mikono, kesho itakula nini?"

Alinipeleka mwenyewe kwenye zahanati. Muuguzi alinichoma vidole na pini, nikamdanganya kwamba nasikia. Hakudanganyika. Alisema dawa ya ugonjwa ule ni kuacha. Nilimuuliza kama kuna dawa nyingine, akacheka vizuri tu, bila ubaya, akasema, "Dada, iko ile moja tu." Mama Mkubwa akanitangazia njia nzima ya kurudi, mbele ya wauza vocha na wenye pikipiki, kwamba amesikia na kwamba Mungu naye amesikia. Na Koch Anselme, ambaye habari zilimfikia kabla hata hatujafika nyumbani, alinijia na sauti ya mtu anayetoa pole.

"Mutoto, mikono yako imekataa," akasema. "Utabaki na siye. Utakuwa unapatia batoto mayi ku njia."

Kugawa maji. Nilimjibu nitafikiri, na sikufikiri hata dakika moja.

Jibu nililipata kwenye baa, mahali ambapo sikutakiwa kuwa. Nilikuwa nimepeleka mandazi ya Mama Mkubwa, na watu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakingoja mpira uanze. Kabla ya mpira palikuwa na mbio za baiskeli, za Ulaya huko. Mtu mmoja, peke yake barabarani, alikuwa amelaza mikono yake ya mbele juu ya vyuma viwili vilivyotoka kwenye usukani kwenda mbele. Viwiko vimelala kwenye vipande vya sponji. Baa nzima ikaanza. "Huyu analala," mmoja akasema. "Hapana, anasali, aliona mulima," mwingine akajibu, wakacheka. Mimi niliangalia viganja vyake. Vilikuwa vimefungwa kidogo kwenye ncha za vile vyuma na havikubeba kitu. Mwili wote ulikuwa juu ya viwiko. Nilisimama pale na sinia kichwani hadi mwenye baa akaniuliza kama nauza au natazama.

Siku hizi vyuma vile vinapatikana mjini, vya kutoka Uchina, vyepesi, vina sponji yake tayari. Nimewahi kuvishika dukani nikavirudisha. Mwaka ule havikuwapo, na hata vingekuwapo visingekuwa vyangu. Nilikuwa na fundi Ezekieli. Alikuwa na kibanda njia ya uwanja wa ndege, anatengeneza milango, vitanda na madirisha ya chuma, na alikuwa mtu wa imani moja. Kwetu kitu kikivunjika kinapelekwa kuchomelewa, sudire, kama tunavyoita: mguu wa kitanda, shoka, hata sufuria. Mlango wa Ezekieli haukuwahi kung'oka. Nilimchorea nilichoona, kwa kidole, kwenye vumbi. Akaelewa upesi. Nikamuuliza kama vyuma vile visingefungwa tu, ili niweze kuvisogeza. Akanitazama kwa huruma.

"Chuma yenye haina sudire ni kamba tu," akasema.

Alichukua nondo za kujengea, akazipinda, akazichomelea moja kwa moja kwenye usukani wangu. Ilipendeza. Ilikuwa nzito kiasi kwamba baiskeli ilianguka mbele ukiiacha, lakini ilipendeza, na mtaa mzima ulikuja kuona. Niliendesha hadi juu ya mlima, viwiko vimelala kwenye vipande vya kandambili, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilihisi vidole vyangu vyote. Nilikuwa naimba. Kwenye mteremko wa kurudi nikasikia mlio mdogo. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeudhoofisha usukani pembeni ya kovu lake, na pale pale ukakatika. Niliingia kwenye shamba la mahindi la watu na baiskeli ikaingia nyuma yangu. Alama ninayo kidevuni, na sijawahi kuipaka poda.

Ezekieli alikubali kunitafutia usukani mwingine wa mitumba, na akaahidi sudire nene zaidi. Nilikataa sudire. Koch Anselme alikuja kuangalia kidevu changu, akasema hataki tena kuona vyuma vile kwenye klabu yake, baiskeli inashikwa kwa mikono, na kama mikono hakuna, kuna kugawa maji.

"Koch," nikamwambia, "weye mwenye ulisema: mwenye anafika Aru anabaki na velo. Haukusema anafika namna gani."

Wavulana walikuwa wamesimama pale. Yeye alikuwa mtu wa neno lake, na alichukia kukumbushwa hivyo mbele yao. Akasema sawa, nijaribu, lakini nitaendesha nyuma ya wote, nile vumbi lao, kwa sababu mtu aliyelala hawezi kufunga breki upesi na atawaangusha wenzake. Hapo alisema kweli, na nilikubali. Nikaanza kutafuta bomba jepesi. Nilitafuta gereji, sokoni, kwa wauza vyuma chakavu. Na kila jioni nikirudi, nyuma ya mlango kilikuwepo kile kiti cha kijani, na mgongo wake ulikuwa bomba moja jepesi lililopindwa kiwandani. Ukilikata katikati unapata vyuma viwili, kila kimoja na mpindo wake wa kushikia. Nilimwomba Mama Mkubwa mara ya kwanza, akaniambia nisirudie. Nilirudia. Akasema kile kiti kimetoka Fataki, na nikisogelea mlango na msumeno, nitatoka kwa mlango huo huo na sitarudi.

Halafu Shemasi akaja. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na mimi nilikuwa uani nyuma ya nyumba nafua. Ukuta wetu ulikuwa wa miti na udongo, na maneno yalipita. Alianza mbali, kwenye mvua, akapitia bei ya makaa, ndipo akafika.

"Mama, huyu mutoto wa kike," akasema. "Analala juu ya velo, mugongo juu, mbele ya batu ba Mungu. Na njo njia ya kanisa. Siye tunaona."

Nikaacha kusugua. Nilijua Mama Mkubwa alisema maneno hayo hayo kila siku, na makali kuliko hayo, kwa hiyo nilingoja amshukuru.

"Shemasi," akasema, "weye unaangaliaka nini?"

"Namna gani, Mama?"

"Naulizia tu. Velo inapitaka mbio. Mutu wa kuona mugongo, na njia, na namna analala, iko mutu aliangalia sana."

Shemasi alisema hivi na vile, akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kutembelea, akaenda bila kumaliza chai. Nilibaki nimeinamia beseni, mdomo nimeuziba kwa shati lenye sabuni. Nikaingia ndani nikiwa tayari kumkumbatia. Alinipokea mlangoni.

"Na weye," akasema. "Mugongo juu sawa mbuzi inakunywa mayi. Hauna haya?"

"Mama Mukubwa, umetoka sasa kumuambia Shemasi…"

"Mie naweza kukukataza. Yeye hapana. Leta ile kiti."

Nikamuuliza kama anasema kile kiti cha Fataki.

"Iko kiti ngapi hapa?"

Tulikikata uani, yeye amekikalia ili kisitikisike, mimi na msumeno wa kuazima. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekikalia. Mgongo ulipotoka akapitisha kidole mahali palipokatwa na kusema papigwe tupa, pasinikate. Nilikuwa nimepata vile vibano vya chuma vinavyobana mipira ya rejeta za malori, na vipande vya kandambili kwa ajili ya viwiko, na mpira wa ndani wa gurudumu niliokata utepe mrefu. Nikaanza kufunga. Nilizungusha, nikavuta, nikapiga fundo, nikapiga fundo juu ya fundo. Mama Mkubwa alivumilia kidogo. Kisha akaninyang'anya.

"Unafunga sawa mutu hajakimbiaka vita," akasema.

Akafungua vyote. Akaanza upya, polepole, akiuvuta utepe hadi ukawa mwembamba, kila mzunguko ukikanyaga nusu ya mwenzake, na akiongea kana kwamba ananigombeza. "Fundo njo ya kwanza kufunguka. Usitie fundo. Weka kichwa ya mupira chini ya mupira mwenzake, ikivutwa inajifunga yenyewe. Na usikaze sawa chuma. Njia ikitikisa, iache itikisike kidogo. Yenye haitikisike, inakatika." Wote waliotoka Djugu na baiskeli moja wanafunga hivyo. Nimewaona sokoni, kwenye magunia ya makaa na vitanda vya kuhamisha, na ninamjua mtu kwa namna anavyofunga. Mimi nilikuja mjini mdogo, nikiwa nimekaa juu ya mzigo. Nilijua kubebwa tu.

Alipomaliza alining'inia kwenye vile vyuma kwa uzito wake wote. Havikusogea. Nilimwambia asante.

"Mie nafunga juu usikufe," akasema. "Sijasema iko muzuri."

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Mama Mkubwa alitoka hadi barabarani akiwa na Ngabu mgongoni na mandazi kwenye mfuko, akayafunga nyuma ya tandiko bila fundo. Wenzangu walikuwa na mama zao, wenye kuwaombea na kuwapaka mafuta. Yeye alinivuta sikio nishuke usawa wake.

"Ukifika Fataki, nyanyua kichwa," akaniambia. "Nyumba iko nyuma ya mikaratusi, mbele ufike soko. Usipite pale umelala."

Tangu tulipotoka hakuwa amerudi hata siku moja. Kila alipopanga, njia ilifungwa, na ilipofunguka, palikuwa na msiba au mtoto mgonjwa. Hakuniomba kitu kingine mwaka ule mzima. Nilimwambia ndiyo, Mama Mukubwa.

Niliendesha nyuma, kama tulivyopatana. Nilikula vumbi la wavulana na la malori pia. Watoto wa njiani waliona vile vyuma vya kijani, na mmoja aliyekuwa na akili akavitambua, akapiga kelele, "Kiti! Kiti!" na jina hilo likanitangulia kijiji hadi kijiji, sijui kwa njia gani. Wazee walisimama shambani na majembe wakauliza yule msichana anaumwa nini. Sitawadanganya kwamba lilikuwa jambo la raha. Shingo iliniuma kuliko mikono ilivyowahi kuniuma, na ngozi ya viwiko ilitoka. Lakini juu, kwenye vilima vya Djugu, ambako upepo unakuja usoni bila kizuizi, wenzangu walijikunja kila mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake wakipokezana, na mimi peke yangu, nimelala juu ya mgongo wa kiti, niliendana nao. Upepo ulipita juu yangu. Nilikuwa na vidole kumi na nilivihisi vyote.

Fataki ilifika nikiwa bado nao, nyuma kidogo ya gurudumu la mwisho. Upepo ulikuwa mkali. Nilijua nikikaa wima hapo nitawapoteza, na kundi likishakwenda halirudi, na sehemu mbaya ya njia ilikuwa bado mbele. Nikaiona mikaratusi. Kwa muda mfupi nilifikiri mambo ambayo mtu anafikiri: kwamba naweza kugeuza jicho tu, kwamba nitamwambia nimeona, atajuaje. Nikanyanyuka. Nilikaa wima kabisa, mikono juu ya usukani, na upepo ukanipiga kifuani na baiskeli ikawa nzito. Wenzangu wakaenda. Niliona kuta nne bila bati. Niliona mlango ambao haukuwa na mlango, na ndani, mahali tulipolala, rangi ya kijani kibichi imejaa hadi dirishani. Nilipunguza mwendo hadi nikaelewa ni nini. Kisha nyumba ikabaki nyuma, barabara mbele yangu ikawa tupu, nikaweka viwiko mahali pake nikaanza kazi.

Sikuwapata. Niliendesha peke yangu hadi jua likawa chini, na nilipofika kwenye parokia tuliyokuwa tumepangiwa kulala, wao walikuwa wameshanawa na wamekaa kwenye mabenchi ukumbini mbele ya bugali na maharagi. Koch Anselme alinyanyuka aliponiona, akakaa tena. Nilinawa, nikaingia katikati ya benchi. Ndipo nikaona hawali. Yaani wanajaribu. Walimega tonge likawaanguka, wakapuliza vidole, wakajifuta kwenye suruali na kujaribu tena, wavulana wenye nguvu kuliko mimi, na hakuna aliyekiri kwamba vidole vyake vimekufa. Nilimega, nikafinya, nikachovya, nikala. Nikala tena. Mmoja aliyekuwa karibu yangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Mave, nimegee." Nikammegea. Wa pili akasogeza sahani. Koch alikuwa anatuangalia, na mimi nilimega polepole makusudi, ili aone vizuri.

Siku zilizofuata nilifika nyuma ya wote, Mahagi, kisha Aru, ambapo malori yalikuwa yamepanga foleni ya forodha na madereva walitandika mikeka chini yake. Vibano vya rejeta vilikuwa vimelegea vyote. Mpira wa Mama Mkubwa haukuwa umesogea. Wavulana wawili hawakufika, na baiskeli zao zilipewa wengine. Koch Anselme aliizunguka yangu, akapiga vile vyuma teke dogo la kiatu.

"Velo ni yako," akasema. "Lakini hii fer iko mubaya."

"Iko mubaya, koch," nikamjibu. "Na imefika."

Tulirudi juu ya lori la mtu wa Butembo, tukiwa tumelalia magunia. Fataki tuliipita gizani. Nyumbani Mama Mkubwa alinitazama kwanza viwiko, akavipaka kitu kilichowasha, akanipa chai ya maziwa. Alingoja nimalize kikombe.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Bati?"

"Hakuna. Ukuta iko. Ndani balipanda maharagi."

"Maharagi." Alifikiri kidogo. "Ya chini ao ya kupanda?"

"Ya kupanda. Iko inapanda ku ukuta."

"Basi iko mutu wa akili," akasema, na akacheka, kicheko cha kweli, akajifunika uso kwa kitenge, na nilipoona anakaa sana chini ya kile kitenge nilitoka nikaenda kuosha vikombe. Baadaye sana tulijua aliyepanda ni wifi yake, Mama Roza, ambaye alirudi kabla ya watu wote na hakuwa na fito za kusimamishia maharagi yake. Mama Mkubwa mwenyewe hakurudi. Nilipoolewa na kuhamia mtaa mwingine, na baiskeli ile ikachakaa, alikuja akafungua vile vyuma kwa mkono wake na kwenda navyo. Nilidhani amevitupa.

Hivyo ndivyo vilivyokuwa juu ya meko. Ngabu alinisaidia kung'oa misumari. Wazee walikuwa wamekaa kupanga namna ya kumpelekea Mama Roza habari kule Fataki, maana kwetu kifo cha mtu mzima hakiambiwi kwa simu, mtu anakwenda na kinywa chake. Wiki hii njia imetulia, waliorudi jana wamesema. Wakaanza kuhesabu nani ana nafasi kwenye gari la Jumamosi. Nikawaambia nitakwenda mimi, kesho asubuhi, na baiskeli yangu ya siku hizi. Walisema mwanamke wa arobaini na kitu, mwenye matanga. Nikawaambia ndiyo, huyo huyo.

Asubuhi nilikaa uani na utepe wa mpira, nikafunga mgongo wa kiti kwenye usukani, nikivuta, nikikanyagisha nusu juu ya nusu, bila fundo. Wanawake wa matanga walikuwa wanapika chai, wakanitazama. Shemasi akaingia na fimbo yake, akasimama juu yangu kwa muda.

"Mama Mave," akasema, "na hii umri, utalala tena juu ya velo mbele ya batu?"

Sikunyanyua uso. Niliingiza kichwa cha mpira chini ya mpira mwenzake, nikavuta.

"Shemasi," nikasema, "weye ungali unaangalia?"

Mwanamke mmoja kwenye meko akaangusha mwiko. Kicheko kikazunguka ua mzima wa matanga, na hata Ngabu aliyekuwa amelia usiku kucha akacheka. Nilipanda baiskeli. Nilipita mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa kichwa juu, wima kabisa, hadi kona. Baada ya kona nikaweka viwiko mahali pake.